Breki Ziko Sawa, Ila

Maneno niliyomwambia yalikuwa matatu: breki ziko sawa. Nimeyarudia kichwani mara nyingi sana, nikiosha vyombo, nikiwa kwa matatu, nikijaribu kulala, na mpaka leo siwezi kukuambia kwa moyo mmoja kama yalikuwa uongo. Ndiyo sababu naandika makala hii badala ya ile niliyomwahidi mhariri, ambayo ilikuwa ihusu kitu kingine kabisa.

Baiskeli niliinunua Mombasa. Mtumba wa Ulaya, ya kupandia milima, kijani iliyofifia, na breki za diski za haidroliki mbele na nyuma. Nilikuwa nimeacha chuo kikuu. Karo ilinishinda mwaka wa pili, na ilipopatikana nusu yake nikagundua hata hamu ilikuwa imeniishia. Nikarudi Voi kwa mama, mtaa wa Sofia, nikaanza kuandikia watu mtandaoni, watu ambao hulipa siku wanayokumbuka. Hiyo baiskeli ndiyo kitu cha kwanza cha maana nilichonunua kwa pesa ya kuandika. Niliipenda vibaya.

Kama hujawahi kushika breki za namna hiyo, hazina waya. Ukibana mkono wa breki, pistoni ndogo inasukuma mafuta ndani ya paipu nyembamba, mafuta yanasukuma pistoni nyingine kule chini kwa gurudumu, nazo zinabana pedi kwenye diski ya chuma. Kazi yote inategemea jambo moja tu, kwamba kitu cha majimaji kikifungiwa hakibonyei, na presha ukiitia upande mmoja inafika kote. Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, ndiye aliyelieleza hilo vizuri. Magari na baadhi ya baiskeli hutumia mafuta yanayoitwa DOT. Baiskeli nyingine, za Shimano kwa mfano, hutumia mafuta ya madini. Hayabadilishani. Raba za ndani zilizotengenezewa aina moja huharibiwa na aina ile nyingine.

Mwezi wa tatu breki ya mbele ikaanza kuvuja. Nikaipeleka kwa fundi karibu na soko, mzee mmoja ambaye amefunga spoki za baiskeli za Voi tangu kabla sijazaliwa. Akaibana, akanusa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii mafuta yake hapa Voi huyapati."

"Na ile brekifluidi ya gari, mzee? Si iko kila duka la spea?"

"Itakula raba. Wiki mbili utaniletea tena, na hiyo siku hata mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Nikatazama simu. Kulikuwa na mtu Nairobi anayeuza chupa, lakini ukijumlisha na pesa ya kutuma kwa basi, ilikuwa zaidi ya niliyokuwa nayo mpaka mwisho wa mwezi. Fundi aliniangalia nikipiga hesabu. Nadhani ni sura anayoijua, sisi wateja wake wengi tunayo hiyo sura. Akabadilisha raba moja, akaniambia kuna njia. Tutaweka maji.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitaka maji yaliyochemshwa yakapoa, ndiyo yasiwe na hewa nyingi ndani, akayavuta kwa sindano mpya ya duka la dawa, akayasukuma taratibu kutoka chini mpaka vipovu vikaisha kutokea juu. Mbele na nyuma. Ilimchukua saa nzima. Nikabana: ngumu, safi, kama mpya. Pengine hata ngumu kuliko mpya, kwa sababu maji yanabonyea kidogo kuliko mafuta. Akanidai shilingi 150. Na nilipokuwa nimeshapanda akaniita.

"Ila usiende nayo Wundanyi."

"Nani huenda Wundanyi na baiskeli, mzee?"

"Nakuambia tu. Hapa chini ni sawa. Ukishuka huko, yatachemka. Yakichemka huna breki."

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu watu wakisikia hadithi hii wanakimbilia kumlaumu fundi. Jua kali, wanasema, hao ndio wanatuua. Mimi nimefuatilia, na nimegundua kila alichosema mzee yule kilikuwa sahihi. Kutoka Wundanyi mpaka Mwatate ni kilomita kama 15 za lami inayojikunja kona juu ya kona, na unashuka zaidi ya mita 500. Tuseme mtu na baiskeli yake ni kilo 80. Nguvu ya mteremko wote huo lazima iende mahali. Upepo unachukua sehemu yake, iliyobaki inakuwa joto kwenye diski na pedi. Ukiipima yote inafika karibu kilojuli 390, joto la kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya bomba. Na ndani ya breki hakuna lita, kuna vijiko vichache tu. Halafu kule juu, mita 1,400 hivi, maji hayangoji nyuzi 100, yanachemka kwenye 95. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230.

Na jinsi inavyotokea ndiyo mbaya. Ukiwa umebana, presha inayazuia maji yasichemke hata yakiwa moto kupita kiasi. Ukiachilia, presha inaondoka na papo hapo maji yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea. Kwa hivyo kona ya kwanza breki inashika, ya pili inashika vizuri tu, ya tatu unabana na mkono wa breki unaenda mpaka kwenye usukani bila kukutana na kitu. Breki ya waya ikichoka unaisikia wiki nzima kabla, inalia, inalegea, inakuomba msaada. Hii haikuombi chochote.

Wala maji kwenye mashine kama hizi si ushamba wa Voi. Neno haidroliki lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la maji. Mashine ya kukandamiza ambayo Mwingereza Joseph Bramah alipewa hataza yake mwaka 1795 ilifanya kazi kwa maji. Duesenberg, Wamarekani waliokuwa wa kwanza kuuza gari la breki za namna hii kwenye magurudumu yote manne, mwanzoni mwa miaka ya 1920, walitumia maji yaliyochanganywa na gliserini. Na kuna kampuni ya Ujerumani, Brake Force One, iliyotengeneza breki ya baiskeli ya maji, wakaionyesha hadharani na kueleza kwa nini. Tofauti ni kwamba breki yao ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya maji, na aliyeinunua alijua amenunua nini.

Kwa hivyo swali langu halimhusu fundi wala maji. Mimi na breki zangu za maji tuliishi vizuri miezi saba. Voi ni tambarare, unajua. Nyumbani mpaka sokoni, sokoni mpaka stejini, jioni barabara ya Mwatate kidogo kuangalia mlima wa Sagalla ukibadilika rangi, kisha kurudi. Mama alikuwa akinichekesha, yeye ananunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa mkokoteni, mimi nayafungia ndani ya breki. (Bomba la kutoka chemchemi za Mzima linapita kaunti yetu likienda Mombasa tangu miaka ya 1950. Hiyo ni makala nyingine, na nikiianza leo sitaimaliza.) Kila asubuhi nilibana kabla ya kupanda. Kila asubuhi zilishika. Baada ya miezi saba, mtu yeyote angeniuliza ningemwambia breki ziko sawa, na ningekuwa naamini ninachosema.

Sasa aliyeniuliza. Nilihitaji pesa, nikaweka picha ya baiskeli kwenye kundi moja la mauzo. Akaja kijana, amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, amevaa viatu vilivyopigwa rangi kwa ajili ya safari. Alikuwa amekusanya pesa kwa kubeba mizigo siku za soko. Tulikubaliana shilingi 14,000. Akaizunguka, akabonyeza tairi, akaendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akabana breki mbele yangu mpaka gurudumu la nyuma likainuka. Akafurahi. Akauliza, kama mtu anayemalizia tu:

"Breki ziko fiti, bro?"

"Breki ziko sawa."

Akanitumia pesa kwa simu. Tulipokuwa tunaipandisha juu ya matatu ndipo niliposoma ubavuni gari linaenda wapi. Voi–Mwatate–Wundanyi.

Ningeweza kusema wakati huo. Nataka hilo lieleweke, sijifichi. Kondakta alikuwa anafunga kamba, kijana anamwelekeza asikwaruze rangi, na mimi nimesimama nikiwa na shilingi 14,000 kwenye simu na sentensi nzima mdomoni. Nilimwambia safari njema.

Jioni mama aliuliza, "Ulimwambia yale maneno ya maji?"

"Hakuuliza."

"Angeulizaje kitu ambacho hajui kipo?"

Nimesoma semista nne za chuo kikuu na sikumbuki mhadhiri aliyenipa swali gumu kuliko hilo.

Kwenye hizo semista nne, lakini, kulikuwa na somo moja la falsafa, na ndani yake insha ya Mwingereza aitwaye Clifford, ya mwaka 1877, kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na inakaribia kubeba familia zinazohamia ng'ambo. Mwenye meli ana wasiwasi. Anajituliza: imeshasafiri mara ngapi na kurudi salama, kwa nini isirudi safari hii? Polepole wasiwasi unaisha na anaamini kwa dhati kabisa. Anawaaga abiria kwa moyo mweupe. Meli inazama, yeye analipwa bima. Clifford anasema ana hatia, na kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini vile kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anageuza mfano, ambayo ndiyo sehemu iliyonikaa: hata kama meli ingefika salama, safari hiyo na nyingine nyingi baada yake, hatia yake ni ileile. Ilishaamuliwa siku aliyoaga. Na Clifford hakuwa mtu wa kuongea meli kwa kusikia. Miaka saba kabla, akiwa kwenye safari ya kutazama kupatwa kwa jua, meli aliyopanda ilivunjika karibu na Sisilia. Alitoka hai.

Darasani nilibishana naye. Nilisema ni rahisi kumhukumu mwenye meli ukiwa na mshahara wa profesa. Watu maskini wanaishi kwa kuamini bila ushahidi wa kutosha, la sivyo hatungepanda matatu hata siku moja. Na bado naona kuna ukweli hapo. Mafuta ya DOT yenyewe hunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. DOT 4 iliyokunywa maji asilimia chache tu kiwango chake cha chini cha kuchemka kinashuka kutoka nyuzi 230 mpaka 155, ndiyo maana inatakiwa ibadilishwe mara kwa mara. Wewe uliyepanda gari la kwenda Wundanyi juzi, ulimuuliza dereva alibadilisha lini? Ulikaa, ukafunga mkanda kama upo, ukaamini. Tunashuka vilima vyote vya Dawida kwa sentensi fupi za watu tusiowajua.

Lakini kuna kitu sikukiona nikiwa darasani. Mimi nilikuwa na ushahidi kuliko mwenye meli. Miezi saba, kila asubuhi. Shida ni kwamba ulikuwa ushahidi wa Voi. Ulithibitisha kwamba breki ziko sawa mahali ambapo hakuna mteremko, na mimi nikauuza pamoja na baiskeli kana kwamba ni wa kila mahali. Neno "ziko sawa" halina anwani ndani yake. Msikilizaji anaweka anwani yake mwenyewe. Kijana aliposikia "sawa", alisikia sawa kwetu, kwenye njia ya kwetu.

Na alichojaribu mbele yangu kilinisaidia kumdanganya. Alibana kwa nguvu, zikashika. Ukipenda, alipata uthibitisho wake mwenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nimeiangalia, na mtu kama mimi ambaye si mfanyabiashara wa baiskeli haimbani sana kuhusu ubora wa kitu anachouza. Nilisoma hiyo sehemu nikapumua. Halafu nikajishangaa kwa nini nilikuwa nasoma sheria saa saba usiku.

Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu mcha Mungu asiyehubiria mtu, nilimsimulia nikijifanya ni mambo ya rafiki yangu. Alinielewa haraka kuliko nilivyotaka. Akanikumbusha habari wanayofundishwa madrasa, ya Mtume alivyopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione.

"Mvua si dhambi," jirani akasema, akipima sukari ya kadogo. "Unaelewa? Hakuna aliyemlaumu kwa mvua."

Nilielewa. Tulipokuwa watoto hapa Voi, nusu yetu tulijifunzia baiskeli zisizo na breki kabisa. Unashuka, ukitaka kusimama unabana ndala kwenye tairi la nyuma, na ndala zote za mtaa zilikuwa na mfereji umechimbwa chini. Ile ilikuwa breki mbovu kuliko ya maji mara kumi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kudanganywa nayo. Ukiazimwa baiskeli ya ndala, unaona kwa macho ni ya ndala, na unapanda ukiwa umejipanga. Umaskini wake uko juu, kama nafaka iliyolowa ikiwekwa juu. Ya kwangu ilikuwa na diski zinazong'aa na jina la kampuni kubwa kwenye mkono wa breki. Umaskini wangu ulikuwa ndani ya paipu.

Nadhani hapo ndipo wengi wetu vijana tunaojisifu kwa ujanja wa kuishi tunapojichanganya. Tunasema hustle ni hustle, mtu hufanya na alichonacho. Kweli. Kuweka maji sioni aibu mpaka leo, nilikuwa sina pesa, na mzee alinisaidia kwa akili yake yote. Lakini kufanya na nilichonacho ni mimi kubeba hatari yangu mwenyewe. Siku nilipouza, nilimpa mtu mwingine hatari ile, tena kwa bei ya kitu kisicho na hatari. Kama ningemwambia angeshusha bei, pengine kwa hiyo pesa ya chupa ya mafuta na nauli. Shilingi elfu mbili au tatu. Hiyo ndiyo tofauti niliyokula.

Kuna neno nalifikiria sana siku hizi. Ila. Kwa Kiswahili ila ni dosari, kitu chenye ila ni kitu chenye kasoro. Na ila pia ni lakini. Wanaojua Kiarabu wanasema ni maneno mawili tofauti yaliyokuja kwetu yakakutana kwa sauti moja, na sibishi, ila naona yalikutana mahali pake. Fundi aliniambia sentensi nzima: hapa chini ni sawa, ila usiende nayo Wundanyi. Aliuza huduma ya shilingi 150 na akatoa ila yake bure, bila kuulizwa, akaniita nikiwa tayari nimeondoka. Mimi niliichukua sentensi ile, nikaikata kwenye ila, nikauza nusu ya kwanza.

Sasa niseme kilichotokea. Siku tisa sikupiga simu. Kila siku niliahirisha kwa sababu tofauti, ya mwisho ikiwa kwamba kama kungekuwa na shida angeshapiga. Siku ya kumi akapiga yeye. Nikaona jina lake, tumbo likanishuka.

"Bro, pole kwa kukusumbua," akasema. "Nadhani nimekuharibia breki."

Amekuharibia. Hivyo ndivyo alivyosema, kana kwamba bado ni zangu. Alikuwa ameshuka upande wa Mwatate na kona mbili za kwanza zilikuwa poa, halafu mkono ukaingia mpaka ndani. Alichagua ukingo badala ya bonde. Kiwiko kimechubuka, usukani umepinda, lakini yuko salama. Akaniuliza kama alikosea kubana kwa muda mrefu, maana hajawahi kuwa na baiskeli ya kisasa, labda zina namna yake. Alikuwa anataka nimfundishe.

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia hapo hapo. Nilimwambia ni mafuta tu yamepungua, nitakuja nayo. Unaona? Hata wakati huo, hata baada ya kiwiko, mdomo ulijua pa kukata.

Niliagiza chupa Nairobi. Ilikuwa imefika pesa yake wakati huo, cha ajabu. Jumamosi nikapanda matatu, na kuanzia Mwatate nilikuwa nahesabu kona. Sijui ilikuwa ipi. Kila moja ilinionekana ndiyo, kwa chini mashamba ya mahindi yanashuka mpaka huoni mwisho wake. Hapo katikati ya kona ndipo nilipoelewa kwamba Clifford alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea darasani, au tuseme nilikuwa sahihi kuhusu abiria na nimekosea kuhusu mwenye meli. Abiria ana ruhusa ya kuamini. Hana namna nyingine. Mwenye kujua ndiye hana ruhusa hiyo, maana kuamini kwa abiria kumewekwa mikononi mwake. Kijana kutoka salama hakukunipunguzia chochote, na nilitamani sana kunipunguzie.

Nyumbani kwao alikuwa na nyanya yake. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha, akanishukuru kwa kuja mbali hivyo kwa ajili ya kitu nilichokwisha kuuza. Watu wengine hawafanyi, akasema. Nikakaa kwenye kigoda nikiwa siwezi kumtazama. Alipoingia ndani kupika chai, nikamwambia mjukuu wake. Kila kitu, pamoja na maneno ya fundi, kama alivyoyasema.

Alinyamaza muda mrefu. Hakukasirika, au kama alikasirika aliweka ndani. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Fundi alitaja Wundanyi? Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Na mimi nilikwambia natoka wapi?"

Hakuwa ameniambia, si kwa mdomo. Nilisoma kwenye matatu. Nilikuwa na hiyo njia ya kutokea, ilikuwa wazi, angeamini. Nikamwambia nililiona jina kwenye matatu kabla haijaondoka.

"Sawa," akasema.

Nikamrudishia shilingi elfu tatu. Akazichukua bila kunishukuru, jambo ambalo lilinifariji kidogo. Tukaanza kazi. Tukafungua skrubu ya chini, tukasukuma mafuta kutoka chini kwa sindano, maji yakaanza kutokea juu kwenye kikombe cha yogati. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi, miezi ile yote ndani ya chuma. Nyanya alipotoka na chai akachungulia kikombe akauliza hicho ni nini. Nikamwangalia kijana. Akasema, "Ni maji, nyanya, yalikuwa ndani ya breki." Nyanya akasema, "Maji yanafanya nini huko?" Hakuna aliyemjibu. Akaweka vikombe chini, akarudi jikoni.

Ilituchukua mpaka saa tisa. Nikabana mimi, akabana yeye. Ngumu, safi. Nikamweleza jinsi ya kushuka: bana, achia, zipe nafasi zipoe, usikalie breki moja kilomita nzima. Akatikisa kichwa kwa kila jambo. Sikumwambia ziko sawa. Nilimwambia nimeweka mafuta gani, lini, raba moja ni mpya, zile nyingine ni za zamani na sijui zimeguswa vipi na maji, na pedi za mbele zimebaki nusu. Nikamwandikia kwenye karatasi.

Akataka kuijaribu nikiwa bado niko. Mbele ya nyumba yao njia inashuka kidogo mpaka kwenye barabara, si mteremko wa kutisha. Nikasimama kwenye geti nikimwangalia. Alienda taratibu, vidole viwili juu ya kila breki kama nilivyomwonyesha, na diski zilikuwa zinashika, nilizisikia. Alipofika penye kona, hata hivyo, aliushusha mguu wa kulia, akabana ndala kwenye tairi la nyuma.